Gunia Lililotiwa Chumvi

Mayala alilikumbatia gunia lililokuwa juu ya mizani, akagoma kuliachia.

"Hili siuzi," alisema. "Nirudishieni."

Watu kwenye foleni wakacheka. Tangu soko huria liingie, kituo cha pamba cha Ngulyati kilikuwa kimeona vituko vingi, lakini mkulima wa kukataa kuuza pamba yake mwenyewe hakuwahi kutokea.

Maganga, wakala wa kampuni, hakucheka. Ng'ambo ya barabara mnunuzi mwingine alikuwa ameshatundika mizani yake, na kazi ya Maganga ilikuwa kuhakikisha hakuna gunia linalovuka.

"Pamba ikishapanda hapa haishuki, mzee. Inayoshuka ni chafu tu, na hiyo inashuka na magunia yako yote, na mwakani huuzi kwangu. Sasa niambie, humo umeficha nini?"

Mayala alipitisha kiganja juu ya kichwa chake kilichonyolewa juzijuzi. Kosa lilikuwa la mdogo wake, Masalu, aliyekuja kutoka Nyalikungu kusaidia. Mayala akiwa malishoni, Masalu alipakia mkokotenini pamba yote aliyoikuta ndani, hata ile iliyotandazwa kwenye kona ya chumba. Mayala hata hasira hakuwa nayo. Siku hizi mambo yalimpitia tu.

"Mwiteni mwalimu," Maganga akaamuru.

Mwalimu Salvatory alifundisha kemia sekondari. Wakati wa likizo kampuni ilimtumia kuwanasa walioongeza uzito kwa kunyunyizia pamba maji ya chumvi. Alitumbukiza fumba la pamba kwenye maji ya mvua, akayachuja ndani ya neli ya kioo, kisha akatoa kichupa cha nitrati ya fedha, dawa ya kupimia chumvi. Ualimu haukumwacha hata hapo.

"Fedha ikikutana na chumvi," aliwaambia watu, "kinazaliwa kitu ambacho maji hayawezi kukibeba ila kidogo mno. Kiasi hicho kina namba yake. Kipimo cha fedha kikizidishwa kwa kile cha chumvi, jibu likaivuka namba hiyo, maji yanatema, mnaona weupe. Hata chembe haijifichi."

Tone likadondoka. Neli ikaingia ukungu mweupe.

Foleni nzima ikaguna. Maganga akafungua mdomo, lakini mwalimu alimzuia kwa mkono. Alikuwa amekunja uso.

"Ngoja kwanza. Wanaonyunyizia, weupe wao huwa mzito kama mtindi. Huu ni mwepesi. Baba, labda si wizi. Sema tu gunia hili lilikaa wapi, mimi nitakutetea, pamba yako yote ipokelewe."

Yote. Mayala aliitazama neli. Ule weupe ulikuwa unashuka taratibu na kutulia chini.

"Chumvi nimetia mimi," alisema.

Pamba ya msimu mzima ikashushwa na kurudishwa mkokotenini, huku watu wakimzomea. Njiani Masalu alilia kwa aibu.

"Kaka, umetuvua nguo mbele za watu! Watoto watakula nini?"

Mayala alimsikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Akaendelea kuswaga ng'ombe.

Nyumbani alilibeba gunia lile peke yake, hakutaka kusaidiwa. Akaimwaga pamba kwenye kona ileile ya chumba, akaibonyeza katikati mpaka likarudi bonde lake. Hapo ndipo Felisita, mkewe, alipolala na homa, jasho likimtiririka usiku na mchana, mpaka alipokata roho.

Mayala akalaza uso bondeni mle, akatoa ulimi. Chumvi ilikuwepo bado.