Bajia za Mzee Veluchami

Kunguru aliigeuza bajia kwa mdomo, akaitazama kwa jicho moja, akaruka zake hadi kwenye mnazi.

"Kaa! Kaa! Njoo ule, baba!" Muthiah alimbembeleza, shingo juu.

Mzee Veluchami, baba yake Muthiah, alikuwa ametimiza mwaka tangu afe. Ndugu walijaa ndani, majani ya migomba yametandikwa, matumbo yananguruma, na hapana wa kutia hata punje kinywani mpaka marehemu aonje kwanza kwa mdomo wa kunguru.

"Kaanga nyingine, wifi," Kuppammal, dada yake Muthiah, aliamuru. "Baba alizipenda za moto."

Senbagam, mke wa Muthiah, akarudi jikoni amefura. Akachukua dengu zilizosagwa nusunusu na pilipili, tangawizi na vitunguu, akazibapa kiganjani, akazitumbukiza kwenye mafuta. Akasonya. Mtu mwenyewe yule! Mate mekundu ya tambuu ukutani, kwenye ndoo ya maji, mpaka kwenye sufuria ya wali. Vidole vimetoka kuchokonoa meno, mara vimo kwenye bakuli la wote. Na vidole hivyohivyo, Muthiah akishaenda shamba, vilimtambaa mgongoni kama mende. Ptuu! Amekuwa majivu, na bado anampikia.

Akatoka na sahani. Kunguru akashuka kwenye ukuta wa ua, akachungulia, akarudi mnazini.

Muthiah akaanza kuahidi, kama wafanyavyo watu marehemu akisusa. "Baba, kisima nitakichimba. Kaka nitapatana naye. Ng'ombe wako siuzi, naapa!"

Kunguru akajikuna bawa.

"Hataki kisima huyo," Kuppammal alisema, akamgeukia Senbagam. "Baba ana kinyongo na mtu wa humu ndani. Siku zote alikula bajia zako akaramba vidole, hata usiku wake wa mwisho. Leo zina nini? Asipokula, kesho namleta mpiga ramli, tujue mbivu na mbichi."

"Wifi nawe, una maneno!" Senbagam alijichekesha, midomo imemkauka. "Ingieni ndani. Nyie mnampigia kelele. Niacheni nimbembeleze mimi."

"Haya, mbembeleze. Ukishindwa, usiseme sikukwambia."

Wakaingia. Senbagam akaisogeza sahani ukutani. Ndege akatua hatua chache kutoka mkononi mwake, akamkodolea jicho jeusi lenye majimaji, lilelile lililokuwa likimchungulia bafuni. Akatazama nyuma, mlangoni hapakuwa na mtu.

"Kula, mzee," alinong'ona. "Leo sikutia kitu."

Kunguru akasogea, akala zote.