Vidonge vya Bibi na Mlonge wa Uani

Mtaa mzima hakuna anayelea mlonge kama mimi, ulizeni. Sheria inasema anayemeza vidonge vya mlonge lazima atunze mti wake mwenyewe, na kisanduku cha vidonge hakifunguki mpaka kipimo kilichochomekwa udongoni kithibitishe kwamba mti umekunywa maji. Bibi yangu, Bi Mwanakheri, akivikosa vidonge hivyo magoti humgomea. Basi mimi niliyeachiwa kumwagilia mti wake, kwa akili zangu, nikakihamishia kipimo kwenye kopo la tope jikoni. Kila asubuhi nakinywesha kijiko kimoja cha maji, na kisanduku chafunguka chenyewe.

Mlonge ukapukutika. Nikamwambia Bibi ni majira tu.

Leo nimemkuta kapiga magoti uani, anafukia vidonge vyake chini ya shina.

"Bibi! Hivyo ni vya kumeza!"

"Nampa mwenye njaa kunishinda, mume wangu. Wewe unamwagilia kopo. Mti umwagiliwe na nani?"

"Kopo gani tena, Bibi?"

Alijaribu kuinuka, magoti yakakataa. Nikamnyooshea mkono. Hakuushika, aliutazama tu. Ulikuwa bado na tope la jikoni.