Waya wa Oteng

Oteng alimulika puli ya injini kwa taa ya taimingi, ya kupimia cheche inawaka wakati gani. Alama nyeupe ya puli ilirukaruka tu, haikai mahali pake. Kila akizungusha distribyuta kuirekebisha, kompyuta ya gari inairudisha kule kule.

Pale Suame, mtaa wa magereji, mwanagenzi akifuzu humwagiwa poda kichwani. Oteng akifeli mtihani wa leo, anarudi kuziba pancha.

"Bosi, huyo poda yake kampake mtoto!" fundi mmoja akapayuka. Wakacheka wote. Bosi alisimama kando, mkono mfukoni.

Jasho likamwingia Oteng machoni. Akachungulia plagi ya kompyuta. Ule waya mfupi wa kuizuia isiingilie taimingi, aliouchomeka mwenyewe, haupo.

Akazima injini, akanyoosha kiganja kilichojaa grisi.

"Bosi, nirudishie waya wangu."

Vicheko vikakatika. Mkono ukatoka mfukoni na waya, vidole vyote vyeupe kwa poda.