Macho ya Kiwanda

Mbaruku alitamba mtaa mzima kwamba macho yake ameyafunza adabu, na yakifika nyumbani hayapigi kelele.

Uongo mtupu! Wateja hawakutaka kigae chenye hata nukta, basi kila mkaguzi wa kiwanda cha vigae, Mbaruku akiwemo, alipachikwa macho mapya yasiyotoka. Yakiona kasoro, popote pale, hulia tii! kila mtu asikie. Yaliipigia kelele chapati ya mkewe Kidawa kwa kutotimia duara. Yakampigia kelele shehe, eti kilemba kimempinda. Watu walicheka hadi machozi. Mbaruku naye alicheka, lakini kwa midomo tu.

Kisha Kidawa akajifungua. Mama mkwe akamleta mtoto sebuleni, majirani wamejaa.

"Haya baba, mpokee mwanao."

Mbaruku akampakata, akampapasa vidole, akamnusa utosi. Watu wakatega masikio. Macho hayakulia.

"Mnaona?" akajigamba. "Tena kafanana na mimi, hata pua!"

Mama mkwe akainama, akamchungulia usoni.

"Pua umeionea wapi, mkwe wangu," akanong'ona, "na tangu nikupe mtoto umefumba macho?"