Mashati Matano ya Buluu

Pakiti ilisema kahawia. Mashati yalitoka zambarau.

Dobi alinyanyua moja kwa mwiko, akalitazama likichuruzika, kisha akalitumbukiza tena sufuriani kwa hasira hadi maji yakamrukia mkononi. Miaka yote ya kufua nguo za watu, na leo anashindwa na pakiti moja ya rangi.

"Kwa hiyo tuvae hivyohivyo?" Mpaka Rangi aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akiulinda mlango wa uani. "Wanaume watano wazima, tumeiva kama bilingani?"

"Punguza sauti. Bi Mkubwa amelala."

Mpaka Rangi alipunguza sauti, na mkono ukamwenda shingoni wenyewe. Juzi alilivaa shati la kwanza, likiwa bado na buluu yake, akakutana na Bi Mkubwa mbele ya duka la mkate. Bi Mkubwa alimkamata kola. Watu wakajaa, wengine wakiuliza ameiba nini.

"Hukumwambia nani kakupa?"

"Ningeanzia wapi? Nililivua, nikamwachia mikononi, nikaenda zangu kifua wazi."

Dobi alisonya. Alijisonya mwenyewe, maana kosa lilikuwa lake. Alilitoa shati bila kulibadilisha hata kifungo, akidhani mji ni mkubwa na macho ya Bi Mkubwa yamezeeka. Sasa lile shati limefungiwa kabatini na ufunguo anatembea nao Bi Mkubwa. Yalibaki haya matano. Kesho Mpaka Rangi na wenzake wanne wangeanza kupaka nyumba ya mbele, kila mmoja na lake mwilini, na Bi Mkubwa hushinda barazani kutwa nzima akikagua kila apitaye. Akiyatambua, ile aibu ya dukani ingejirudia mara tano mlangoni pao, na Dobi hakuwa tena na nguvu za kuitazama.

Mwenye mashati hakumtia hofu hata kidogo. Hofu yake yote ilikuwa ya Bi Mkubwa, na saa tisa Bi Mkubwa huamka.

Aliyamwaga maji ya zambarau, akabandika mengine, akafungua pakiti ya mwisho. Nyeusi. Chumvi viganja viwili.

"Tia na siki," Mpaka Rangi alisema.

"Wewe unajua kuta."

"Kuta angalau hazina kiburi."

Dobi alikoroga bila kucheka. Mvuke ulimwingia machoni, bega likamuuma, makaa yakataka kuzima akayapepea kwa mfuniko. Nusu saa baadaye alivuta shati moja. Jeusi, jeusi kweli. Aliliweka juani, na hapo moyo ukamshuka. Nguo ilikuwa imekunywa rangi, lakini uzi wa mshono ulikuwa wa nailoni, na nailoni haikunywa kitu. Kila mshono ulibaki na buluu yake, kuanzia kola, mfuko, hadi pindo la mkono. Mtu angeweza kulisoma shati zima kwa mbali.

"Kwani yeye ataangalia uzi?" Mpaka Rangi alinong'ona.

"Yeye anaangalia kila kitu."

"Basi yachome moto, tuishi kwa amani."

"Siwezi," Dobi alisema. Alitamani kuipiga teke sufuria hiyo na jiko lake. Badala yake aliingia ndani kwa kunyata, akatoka na kalamu nene nyeusi, ile anayoandikia alama za wateja kwenye nguo. Alimpa Mpaka Rangi.

"Una mkono usiotetemeka. Fuata mshono."

Mpaka Rangi alifuata mshono. Alifunika kola, akafunika mifuko, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo, huku Dobi akikamua mengine na kuyabana kambani. Yalipobaki na unyevu kidogo tu, alimwamuru avae moja amwone. Alimzungusha mara mbili. Hapakuwa na buluu popote. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kwa Dobi kuvuta pumzi nzima.

Kitasa kilizunguka. Mlango wa uani ulifunguka, na Bi Mkubwa akasimama hapo na kanga yake ya kulalia, robo saa kabla ya wakati wake.

Mpaka Rangi hakuwa na pa kwenda. Bi Mkubwa alipita kambani, akashika pindo la shati moja, akaliachia, akajifuta vidole. Akamjia Mpaka Rangi mpaka karibu, macho kwenye kola. Dobi aliufinya mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama," Mpaka Rangi alisema.

"Marahaba, baba," Bi Mkubwa alijibu, na mikono yake ikabaki ilipokuwa. Kisha akamwuliza lile ambalo, tangu siku ya maziko, alikuwa akimwuliza kila mgeni. "Hujamwona mwanangu huko njiani? Amevaa shati la buluu, na mkewe huyu hapa hataki kuniambia alikokwenda."