Upawa wa Uji

Basi asubuhi hiyo Zawena, mtoto wa chekechea, si akamwaga kikombe cha uji mkeka mzima! Wenzake wakarudi nyuma. Mwalimu wa zamani, ukimwaga, fimbo. Zawena akanyoosha kiganja mwenyewe, akafumba macho.

"Mkono wa nini huo, mwanangu?" akauliza Mwalimu Sikudhani, aliyeanza kazi juzi tu.

"Wa kuchapwa."

Mwalimu akamtilia upawa kiganjani. "Haya, nipakulie na mimi. Njaa inaniuma."

"Nikimwaga tena je?"

"Tutafuta, mama. Kitambaa si kipo?"

Zawena akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akachota uji, ulimi nje, upawa unatikisika.

"Ataumwaga huyo!" akacheka mwenzake mmoja, lakini akamkimbilia, akamshikia kiwiko.