Laini ya Marehemu

Mende alichomoka kwenye tundu la spika, akasimama juu ya vitufe akipapasa hewa kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Fundi alimkung'uta kwa bisibisi. Hajatua chini, wa pili akatoka.

“Hao wadogo tu,” mwanamume aliyeileta kompyuta alisema, akacheka. Alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti, na kila alichokitoa alikitazama kwanza, kisha akakipangusa ukingoni mwa meza. Meza ya fundi! Mama wa watu, ndiye fundi mwenyewe, akasogeza vifaa vyake kando.

Mashine yenyewe ilinuka mafuta ya kukaangia. Vitufe vilikuwa vimegandana kwa soda, na kila mwanya ulijaa vile vichembe vyeusi ambavyo mende huviacha wanapojisikia kwao.

“Nataka laini iliyomo humu ndani iwake,” mwanamume alisema. “Nimezunguka mji mzima. Wakiuona tu huu mfumo wenu wa bure, wananiambia nenda kwa yule mama.”

Hapo hakusema uongo. Mfumo huria wa kuendeshea kompyuta mafundi wengine waliukimbia kama deni, yeye ndiye aliyeupenda.

“Mashine ni yako?”

“Ya mke wangu.”

“Basi aje mwenyewe. Mimi sifungui mashine ya mtu bila ruhusa yake.”

Kijiti kilisimama mdomoni. “Mwenyewe ni marehemu.”

“Ah! Pole sana, kaka.”

“Nishapoa.”

Fundi alivaa glavu, akawasha. Kadi ya intaneti, ile inayobeba laini ya simu ndani ya kompyuta, haikuonekana kabisa. Mfumo ulikuwa umejisasisha, na dreva, programu ya kuiendesha kadi, ikaachwa nyuma. Akaipakia upya. Kadi ikaonekana, lakini redio yake ilikuwa imezimwa. Akaiamuru iwake, ikagoma. Akaiamuru kwa njia nyingine, ikagoma vilevile.

“Kwani laini huwezi kuihamishia kwenye simu?” aliuliza.

“Inadai namba ya siri. Kompyuta inaijua, mimi siijui.” Akatema kipande cha kijiti sakafuni. “Ikiwaka tu, jumbe zilizomo zitafunguka. Kuna mtu alikuwa anamwandikia mke wangu. Namtaka huyo.”

“Lakini kaka, mtu ameshafariki.”

“Na mimi bado ni mumewe.”

Wanaume wenye wivu fundi alikwisha kuwaona, tena wa kila namna, lakini wa kumfuata mtu kwa wivu hadi kaburini huyu alikuwa wa kwanza. Hata mauti hayakumpumzisha yule mwanamke.

Akaipindua mashine, akafungua kifuniko cha chini. Alifagia kwa brashi maganda, mabawa na mayai ya mende hadi kadi ikaonekana. Juu ya mguu mmoja wa kadi kulikuwa na kipande cha utepe, kidogo kama ukucha wa mtoto, kimebanduka upande mmoja kwa mafuta. Fundi mwingine angekiona ni uchafu. Lakini mguu ule ndio unaoizima redio, na ukizibwa kwa utepe, kadi inawaka. Hila hiyo mjini hakuna aliyeijua ila yeye, na utepe ule ulikuwa umekatwa pembe za mviringo kwa mkasi uliolala hapo mezani mbele yake, kwa ajili ya mteja mmoja tu, mwanamke.

Brashi ikasimama.

“Mkeo alifariki lini?” aliuliza bila kuinua uso.

“Mwezi uliopita.”

“Aliugua nini?”

“Homa.”

“Mkamzika wapi?”

“Kwao. Mbali.” Mwanamume alimwinamia, pumzi yake ikampiga shavuni, nzito, ya kitunguu kilicholala. “Wewe ni fundi au polisi?”

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kidole gumba tu: kuukandamiza utepe urudi mahali pake, laini iwake, jumbe zifunguke. Fundi aliutazama utepe. Akavitazama na vidole vya mwanamume vilivyokuwa vikigonga meza, kucha zimejaa weusi. Akaubandua. Akaufunga kwenye karatasi pamoja na mizoga ya mende, akautupa. Kisha akarudisha kifuniko, akawasha, akaandika mstari mmoja mrefu wa amri, na namba ya siri iliyohifadhiwa ikafutika.

“Kadi imeungua,” alisema. “Mkojo wa mende.”

“Mkojo wa mende?”

“Unakula shaba. Hapa hata umpelekee nani, haiponi.”

Mwanamume alimtukana mende, akaitukana kompyuta, halafu akamtukana marehemu tusi ambalo hata mlevi hugeuka nyuma kwanza kabla ya kulitoa. Akaikwapua mashine yake, akaibana kwapani na mende wake wote.

“Nitampata tu,” alisema mlangoni.

“Nani, kaka?”

“Huyo anayemwandikia.”

Fundi alimsindikiza kwa macho hadi alipopinda kona. Akamwagia meza dawa, akaifuta, akaifuta tena. Akavua glavu akazitupa, akanawa mikono hadi viwikoni. Ndipo alipofunga mlango kwa ndani, akachukua simu, akampigia marehemu.

“Mdogo wangu,” alisema, “kaa hukohuko uliko. Jumbe zangu hajazisoma.”